Karani wa hati mkato aliyetaka mji uwe mali ya wakazi wake

Ni nadra kumpata mwanafunzi jijini Nairobi ambaye hajawahi kusikia kwamba jiji lake lilisifiwa zamani kuwa mji wa kijani chini ya jua. Walimu nao hawachoki kuwaandikisha wanafunzi insha kuhusu takataka, msongamano wa magari, na mitaa ya mabanda iliyobanana hata jua likakosa pa kupenya. Lakini ni wachache mno, hata miongoni mwetu tunaofundisha katika vyuo vikuu, wawezao kumtaja mtu aliyeushawishi ulimwengu kwamba mji si lazima uwe mahali pa kuugulia, na kwamba afya ya mkazi huanza kupangwa kwenye ramani kabla haijafikishwa zahanati. Mtu huyo hakuwa daktari. Hakuwa mhandisi wala msanifu majengo. Alikuwa karani wa hati mkato, na jina lake Ebenezer Howard.

Kwa wapangaji miji jina hilo ni maarufu kupita kiasi, na umaarufu huo ndio uliomponza. Siku hizi kila mjenzi wa nyumba za kuuza apandaye miti mitatu langoni huuita mtaa wake bustani, na anayesoma sana humtaja Howard kuwa babu wa biashara hiyo. Mintarafu ya dai hilo, nina shaka kubwa. Ukiyafuata maisha yake tangu mwanzo, utaona kuwa miti ilikuwa tunda tu la fikra yake. Mzizi ulikuwa ardhi.

Howard alizaliwa tarehe 29 Januari 1850 katikati mwa London, baba yake akiwa muuza keki na peremende. Angali mdogo sana alipelekwa shule za bweni katika miji midogo nje ya jiji, na alipotimiza umri wa miaka 15 akaacha masomo. Hakukanyaga chuo kikuu chochote kama mwanafunzi. (Natumai wanafunzi wangu hawatakigeuza kipengele hiki kuwa kisingizio.) Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi kadhaa na kujifunza hati mkato, yaani ule ufundi wa kuyaandika maneno kwa alama fupi kwa kasi ya msemaji.

Mnamo 1871, akiwa na miaka 21, aliabiri meli kwenda Marekani pamoja na marafiki wawili. Walidhamiria kuwa wakulima. Howard akajipatia ekari 160 katika jimbo la Nebraska, akalima, na kilimo kikamshinda. Haukupita muda mrefu akaiacha jembe na kuelekea Chicago, alikoajiriwa kunakili mashauri ya mahakama. Chicago ya wakati huo ilikuwa imeteketea kwa moto mkubwa wa Oktoba 1871, nayo ilikuwa ikijengwa upya. Kijana huyo wa London aliishi miaka minne hivi katika jiji lililokuwa likiinuka kutoka majivuni, akajionea kwamba mji ni kitu kinachotengenezwa na watu na chaweza kutengenezwa vingine. Fauka ya hayo, nembo ya Chicago ilikuwa, na ingali, na maneno ya Kilatini yenye maana ya mji ndani ya bustani. Wanahistoria hubishana iwapo Howard aliliokota jina lake hapo. Sioni haja ya kuingia katika mabishano hayo.

Alirudi Uingereza mwaka 1876, akajiunga na kampuni iliyokuwa ikinakili mijadala ya Bunge na kamati zake. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Sisi wa taaluma ya lugha tuna sababu ya kumtazama kwa makini mtu wa aina hii. Mwandishi wa hati mkato husikia kila kitu na hasemi lolote. Huketi saa nyingi akiyapitisha maneno ya wakubwa mkononi mwake, yale ya busara na yale ya upuuzi, na hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Howard alikaa hapo mwaka baada ya mwaka, akisikiliza vyama vikilaumiana kuhusu matatizo ambayo hakuna chama kilichokuwa tayari kuyatatua.

Na matatizo yenyewe yalikuwa mazito. Kufikia wakati huo London ilikuwa imekwisha kujengewa mfumo mkubwa wa mabomba ya maji taka na mhandisi Joseph Bazalgette, na mkurupuko mkubwa wa mwisho wa kipindupindu ulikuwa umepita mwaka 1866. Mabomba yaliondoa kipindupindu. Hayakuondoa moshi wa makaa, wala vyumba vya giza ambamo jamaa nzima ililala, wala kifua kikuu. Mtafiti Charles Booth, aliyeichunguza London mtaa baada ya mtaa tangu 1886, aligundua kwamba takriban asilimia 30 ya wakazi waliishi katika umaskini. Wakati uo huo vijiji vilikuwa vikihamwa. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka, vijana walimiminika jijini, na kila aliyefika aliongeza msongamano na kupandisha kodi ya chumba. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Howard hakuwa mtu wa kuvumbua kila kitu kutoka kichwani mwake, na wala hakudai hivyo. Alikuwa amesoma maandishi ya tabibu Benjamin Ward Richardson, ambaye mwaka 1876 alichapisha maelezo ya mji wa kubuni aliouita Hygeia, mji wa afya, wenye nyumba zisizorundikana, barabara pana na hewa safi. Alisoma pia hoja za Mmarekani Henry George, aliyefundisha kwamba thamani ya ardhi hutokana na jamii nzima, kwa hiyo si haki imnufaishe mmiliki peke yake. Kisha akasoma riwaya ya Edward Bellamy ya mwaka 1888 kuhusu jamii ya siku zijazo iliyojengwa juu ya ushirikiano. Kutoka kwa huyu akachukua hiki, kutoka kwa yule kile. Ustadi wake ulikuwa katika kuunganisha.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1898, kwa msaada wa pauni 50 za rafiki. Toleo la pili la mwaka 1902 ndilo lililobeba jina linalojulikana hadi leo, la miji ya bustani ya kesho. Ndani yake mna mchoro wa sumaku tatu. Ya kwanza ni mji, wenye kazi, mshahara na starehe, lakini pia kodi kubwa, moshi na upweke. Ya pili ni shamba, lenye hewa, jua na uzuri wa maumbile, lakini pia ukosefu wa kazi na uchovu wa maisha. Watu wamesimama katikati wakivutwa huku na huku. Sumaku ya tatu ni ile aliyopendekeza yeye, mji na shamba vikiwa kitu kimoja.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na msomaji asiikimbie. Howard alipendekeza inunuliwe ardhi ya kilimo ya ekari 6,000, kwa pauni 40 kila ekari, jumla pauni 240,000, kwa fedha za mkopo wenye riba isiyozidi asilimia 4. Katikati, ekari 1,000 zingekuwa mji wa watu 30,000. Ekari 5,000 zilizobaki zingekuwa mashamba na misitu yenye watu 2,000, na hazingejengwa kamwe. Katikati ya mji pangekuwa na bustani ya umma, na kuizunguka majengo ya maktaba, hospitali na ukumbi wa mikutano. Barabara kuu ya mviringo yenye upana wa futi 420, ambayo kwa hakika ni bustani nyingine ndefu, ingepita katikati ya makazi, na shule zingejengwa ndani ya bustani hiyo ili mtoto afike darasani bila kusafiri mbali. Viwanda vingekaa ukingoni, kando ya reli. Idadi ya watu ikitimia, mji usingetanuliwa. Ungejengwa mwingine ng'ambo ya mashamba.

Haya ndiyo yanayokumbukwa. Linalosahauliwa ni swali la nani angekuwa mwenye ardhi. Howard alijibu kwamba ekari zote 6,000 zingeshikwa na wadhamini kwa niaba ya wakazi, na hakuna mtu ambaye angeuziwa kiwanja. Kila mkazi, mkulima na mwenye kiwanda angelipa kodi kwa wadhamini hao. Watu wakiongezeka, shamba la pauni 40 lingepanda thamani mara nyingi, na ongezeko hilo lisingeingia mfukoni mwa mtu. Lingelipa riba, kisha deni lenyewe, na kinachosalia kingejenga shule na barabara na hata kuwatunza wazee.

Kwa mfano wa kwetu, barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipokamilika mwaka 2012, ilikuwa imejengwa kwa fedha za umma. Bei ya viwanja kandokando yake ikapaa. Aliyekuwa na ekari 2 hapo akaamka tajiri bila ya kuinua hata jembe, ilhali mpangaji wa chumba kimoja, ambaye kodi zake ni sehemu ya fedha zilizojenga barabara ile, akaongezewa kodi ya nyumba. Howard angelitazama jambo hili na kuliita wizi uliohalalishwa, ingawa kwa upole wake pengine angechagua neno laini zaidi.

Niruhusiwe kidogo kuchepuka katika uwanja wangu. Tunaposema mji wa bustani kwa Kiswahili, kile kihusishi cha wa kinatuachia utata ambao Kiingereza nacho kinao. Je, ni mji wenye bustani, au mji ulio ndani ya bustani? Wengi huelewa la kwanza, na ndiyo maana maua huonekana kuwa yatosha. Howard alimaanisha yote mawili, lakini la pili ndilo lililobeba uzito, kwa kuwa mji uliozingirwa na mashamba yasiyouzwa hauwezi kutambaa ovyo. Tena neno letu mji lina ukoo wa kuvutia. Ndugu yake katika Kikuyu humaanisha nyumbani, na Waswahili wenyewe husema mji wa mimba kwa ule mfuko ambamo mtoto hukulia. Lugha zetu zilikuwa zimeuweka mji mahali ambapo karani huyu alikuwa akijaribu kuufikisha.

Wakosoaji walimcheka, wengine wakamwita mwotaji. Lakini mwaka 1899 kilianzishwa chama cha kuieneza fikra yake, na mwaka 1903 kampuni iliyoundwa kwa lengo hilo ikanunua ekari 3,818 huko Letchworth, kaskazini mwa London. Wasanifu Raymond Unwin na Barry Parker wakapewa kazi ya kuchora mji. Viwanda walivipeleka upande wa mashariki, kwa sababu pepo za sehemu hiyo aghalabu huvuma kutoka magharibi, hivyo moshi ungechukuliwa mbali na makazi. Nyumba zilitengwa ili kila chumba kipate jua. Mwaka 1905 yalifanyika maonyesho ya nyumba za gharama nafuu zisizozidi pauni 150, na watu zaidi ya 60,000 wakafika kutazama. Mkewe Elizabeth, aliyekuwa nguzo yake katika miaka ya kudharauliwa, alifariki mwaka 1904 kabla ya kupata kuishi katika mji huo.

Si yote yaliyokwenda alivyotaka. Wenye mtaji waliogopa. Howard alipendelea mikataba ambayo kodi yake ingepimwa upya kila baada ya muda, ili jamii ipate haki yake thamani inapopanda. Kampuni ikaona hakuna mwenye kiwanda atakayekubali masharti hayo, ikatoa mikataba ya kawaida ya miaka 99. Mgao wa faida kwa wenye hisa uliwekewa mpaka wa asilimia 5, na hata huo waliusubiri miaka mingi. Isitoshe, kodi za nyumba nyingi ziliwashinda baadhi ya vibarua walioinua kuta zake. Hili ni doa ambalo watetezi wa Howard hawapaswi kulifunika, kwani mji wa afya usiomudiwa na maskini unawaacha na maradhi yao kulekule walikotoka.

Yeye mwenyewe alihamia huko na kuishi maisha ya kawaida. Kwa muda alikaa katika nyumba za ushirika zenye jiko moja la pamoja, jaribio alilolipigania ili kuwapunguzia wanawake mzigo wa kazi za nyumbani. Jambo jingine litawafurahisha wanaisimu, nalo ni kwamba alikuwa mpenzi wa Kiesperanto, lugha ya kubuni iliyoasisiwa na Ludwik Zamenhof mwaka 1887. Wajumbe wa kongamano la lugha hiyo lililofanyika Cambridge mwaka 1907 walipozuru Letchworth, Howard aliwahutubia kwa Kiesperanto. Lugha isiyomilikiwa na taifa lolote na mji usiomilikiwa na bwana yeyote, bila shaka kichwani mwake vilikuwa jambo moja. Hadi uzeeni alishughulika pia na kuunda mashine ya kuandikia hati mkato, ikamla fedha na isimpe kitu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, serikali ya Uingereza ilikuwa ikizungumza juu ya ujenzi wa nyumba, na wafuasi wake vijana wakataka serikali ndiyo ijenge miji mipya. Mzee Howard, aliyeisikiliza serikali ikizungumza kwa zaidi ya miaka 40, hakuwa na subira hiyo. Mwaka 1919 alikwenda mnadani, bila fedha zake mwenyewe na bila idhini ya wengi wa wenzake, akanunua ardhi ya Welwyn kwa amana aliyoikusanya kwa kukopa kwa marafiki. Hivyo ukazaliwa mji wa pili, uliochorwa na Louis de Soissons. Alihamia huko mwaka 1921, akatunukiwa cheo cha ushujaa na mfalme mwaka 1927, na kufariki tarehe 1 Mei 1928. Hakuacha mali ya kutajika.

Miji yake miwili ilipatwa na mambo tofauti. Welwyn ilitwaliwa na serikali mwaka 1948 chini ya sheria ya miji mipya. Letchworth ilibaki mikononi mwa kampuni yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaja wawekezaji waliotaka kuinunua kampuni hiyo ili wajichotee thamani iliyokusanyika kwa miaka 60. Wakazi wakapinga, Bunge likapitisha sheria mwaka 1962 na kuiweka ardhi chini ya shirika la umma. Tangu 1995 imekuwa chini ya wakfu ambao mapato yake ya kodi hurudishwa mjini. Miongoni mwa matumizi yake kwa miaka mingi kimekuwamo kituo cha matibabu.

Sasa tuje kwetu, kwa kuwa fikra ya Howard ilifika Nairobi, ila ilipitia njia mbaya. Nairobi tayari ilikuwa na mazoea ya kutumia afya kama kisingizio cha kuwatenga watu. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto, na mwaka 1913 mtaalamu wa afya W. J. Simpson alishauri watu wa rangi mbalimbali wakae mbalimbali. Kusini mwa bara letu, kitongoji cha Pinelands huko Cape Town kilikuwa kimejengwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa mfano wa Letchworth, kwa ajili ya Wazungu. Na ni kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town alikotoka Profesa L. W. Thornton White, aliyeongoza utayarishaji wa mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948. Mpango huo ulijaa msamiati wa bustani, vitongoji na maeneo ya wazi. Mitaa kama Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ina alama hizo hadi leo, ukiwa na nyumba zilizopangwa kuzunguka uwanja wa pamoja na ukumbi wa kijamii. Lakini Mwafrika aliyeishi Kaloleni alikuwa mpangaji tu. Ukanda wa kijani, ambao kwa Howard ulikuwa shamba la wote, katika miji ya kikoloni uligeuka ua wa kuwatenganisha watu.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika vitongoji. Haukugusa swali la nani anakula thamani ya ardhi. Wangari Maathai aliposimama mwaka 1989 kupinga jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, na tena mwaka 1999 kuutetea msitu wa Karura, wengi walidhani anatetea miti. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, vikiwamo vya shule na hospitali. Mwalimu aliyeona uwanja wa michezo wa shule yake ukizungushiwa mabati usiku mmoja hahitaji ripoti.

Ajabu ni kwamba sheria yetu ilikuwa na chombo ambacho Howard angekifurahia. Kwa muda mrefu Nairobi imetoza kodi ya viwanja kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake, na hiyo ndiyo njia ya kuirudishia jamii sehemu ya kile ilichokizalisha. Lakini orodha ya thamani iliyotumiwa ilikuwa na bei za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na iliendelea kutumiwa kwa takriban miaka 40, hadi orodha mpya ilipoanza kutumika katika miaka ya 2020. Katika kipindi hicho chote jiji lilijengwa barabara, likaongezeka watu kufikia 4,397,073 katika sensa ya 2019, na viwanja vikapanda bei bila kikomo. Mwenye kiwanja akauza kwa bei ya siku na kulipa kodi kwa bei ya enzi alipokuwa mtoto, na hospitali za jiji zikaambiwa hakuna fedha.